Mungu Asiyefungua Friji

Wageni waliokula kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Mwalimu Kanuni walikuwa wakipata taabu kidogo mezani. Mwenye nyumba akiinamisha kichwa kushukuru, nao huinamisha, hufumba macho, hujiweka sawa kwa sala ndefu kama walivyozoea kwao. Mwalimu husema, "Asante kwa sheria zako, amina," na kabla mgeni hajapata hata pumzi, kijiko cha Mwalimu kimeshagonga sahani. Mgeni hufungua jicho moja, kisha la pili, akamtazama mama mwenye nyumba kana kwamba anauliza kama huo ulikuwa utangulizi tu. Mkewe Mwalimu, ambaye alikuwa mkunga na alikuwa ameshaona mengi ya kushangaza kuliko hayo, hutabasamu na kusema, "Karibuni, ndiyo imeisha hiyo."

Jina la Kanuni alipewa na wanafunzi. Alifundisha fizikia, na chochote kilichoanguka, kilichoungua, kilichoviringika au kilichopasuka mbele yake, alikiinulia kidole na kusema, "Kanuni hiyo!" Chaki ikianguka, kanuni. Mkewe akiangusha sahani jikoni, sauti husikika kutoka sebuleni, "Kanuni!" Mkunga alimwonya kwamba siku moja sahani itakwenda kuelekea sebuleni, na hiyo nayo itakuwa kanuni.

Lakini Mwalimu hakuwa akifanya mzaha. Alipokuwa kijana wa sekondari, baba yake aliugua figo. Majirani na waumini walijaa nyumbani, wakasali wakapokezana, sauti zikakauka. Mzee akafariki. Baada ya maziko, shangazi mmoja alisema, tena kwa kunong'ona lakini kwa ile minong'ono inayofika ukumbi mzima, kwamba Mungu hakatai sala bure, lazima ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwenye dhambi. Kijana aliyachukua maneno yale akayafanya yake. Aliwahi kumdanganya mama yake kuhusu viatu vilivyopotea, na hakuweza kukumbuka dhambi nyingine kubwa zaidi, kwa hiyo akaamini kwamba baba yake amekufa kwa sababu ya viatu.

Alitembea na mzigo huo hadi siku ambayo mwalimu wake wa fizikia alisimama juu ya meza akaangusha jiwe na kifutio kwa pamoja. Vikafika chini pamoja. "Sheria haichagui," yule mwalimu akasema, akashuka mezani, akaendelea na somo. Kijana alianza kulia palepale. Wenzake walidhani amerudishiwa mtihani. Yeye alikuwa ameelewa jambo moja tu: figo za baba yake nazo zilikuwa na sheria zake, na hakuna mtu aliyekaa juu mbinguni akasikiliza sala zile zote, akatikisa kichwa, akasema hapana kwa sababu ya viatu. Hakuna aliyemnyima. Hakuna aliyemwadhibu.

Tangu hapo alimpenda Mungu kwa namna yake. Sheria nzuri namna ile, alisema, haziwezi kujiandika zenyewe. Dunia inazunguka jua na hakuna anayeisukuma; mwanga unapinda kwenye maji kwa kipimo kilekile kwa tajiri na kwa maskini. Aliyezitunga alimaliza kazi, tena aliimaliza vizuri, na kumwomba abadilishe kitu kulikuwa kama kumwita fundi seremala aliyekutengenezea meza imara ili aje kuishikilia wakati unakula. Kwa hiyo Mwalimu alishukuru. Kuomba, hapana.

Kwa miaka mingi hakujua kama imani hiyo ina jina. Aliyempa jina ni mwalimu wa kemia, mzee aliyekaribia kustaafu, mwenye vidole vilivyobabuliwa na dawa, ambaye hakuamini chochote asichoweza kukichemsha kwenye neli ya kioo. Walikuwa wakinywa chai katika chumba cha walimu.

"Wewe huko vitabuni una jina lako," alisema. "Unaitwa deisti. Mtu anayesema Mungu aliumba ulimwengu, akauwekea sheria, halafu akajiweka kando."

"Kumbe tuko wengi!" Mwalimu Kanuni alifurahi kama mtu aliyekuta ndugu zake ugenini.

"Mlikuwa wengi. Zamani wapenda sayansi kibao walikuwa kundi lenu. Ilikuwa raha: unamheshimu Mungu na huku unapima nyota zako bila mtu kukuuliza. Halafu wengine wakajiuliza, kama sheria ndizo zinazofanya kazi yote, huyu mwenyewe ni wa nini? Ndipo tukapatikana sisi."

"Nyinyi mmepitilizwa kituo."

"Na wewe umeshuka kabla ya kufika. Hebu niambie, huyo Mungu wako sasa hivi anafanya nini? Amestaafu? Anakula pensheni?"

"Anatazama."

"Anatazama nini?"

"Kazi yake. Wewe ukipika ukapatia, hutazami sufuria?"

"Mimi nikipika nakula," alisema mwalimu wa kemia, akachukua andazi la mwisho.

Basi maisha yakaenda hivyo, ya amani kabisa, mpaka mama mkwe alipofanyiwa upasuaji wa goti.

Mama mkwe alikuwa amefanya biashara ya vitambaa sokoni maisha yake yote. Aliweza kumwangalia mtu akipita barabarani na kusema suti yake imekula mita ngapi na fundi ameiba kiasi gani. Binti yake, mkunga, alimleta akae nao hadi goti lipone, na akapewa kile chumba ambacho Mwalimu alikiita maktaba na mkewe alikiita stoo ya karatasi. Watoto wao walikuwa wameshaenda vyuoni, nyumba ilikuwa kubwa na kimya. Ukimya huo uliondoka asubuhi ya kwanza.

Mama mkwe alisali. Alisali akiamka, alisali akitafuta miwani, alisali wakati chai inachujwa. Aliongea na Mungu kama mtu anayeongea na jirani kupitia ukuta: "Baba, leo mguu unauma upande huu, uone mwenyewe. Halafu usimsahau yule mtoto wa dada yangu." Mwalimu alikuwa anapita ukumbini kwa ncha za vidole. Alikuwa na hoja nyingi, lakini alikuwa mkwe, na mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba sheria za maumbile hazina masikio. Hivyo mabishano yao yalikuwa ya adabu mno, kila sentensi imevishwa "samahani mama" mbele na "kwa heshima zote" nyuma.

Siku moja maji hayakuwa yakitoka. Mama mkwe alisimama mbele ya bomba na ndoo, akasali kidogo, bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja.

"Umeona?" alimwambia Mwalimu aliyekuwa akipiga mswaki kwa maji ya kikombe.

"Samahani mama, kwa heshima zote, huu mtaa wetu una zamu. Maji ya leo yapo kwenye ratiba."

"Na ratiba aliipanga nani?"

"Idara ya maji, mama."

"Basi Mungu awabariki idara ya maji," alisema, akajaza ndoo.

Mwalimu alirudi chumbani na povu la dawa ya meno mdomoni. "Mama yako hashindiki," alimwambia mkewe. "Ukimziba huku anatokea kule."

"Wewe uliniona mimi ukadhani nimeokotwa?" mkunga alijibu, akavuta shuka.

Sasa, Mwalimu alikuwa na friji mbovu. Mashine yake ya kupoza ilikuwa imekufa zamani, lakini sanduku lilikuwa zima, na kwa kuwa kinachozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke, aliamua kuigeuza iwe mashine ya kutotolea vifaranga. Alitaka wanafunzi wake waione. Pia alitaka, ingawa hakumwambia mtu, kumwonyesha mama mkwe jambo. Aliweka balbu za kutia joto, na kidude cha kuzima balbu joto likizidi na kuziwasha likipungua. Akaweka feni ndogo, bakuli la maji kwa ajili ya unyevu, na mota ya kugeuza trei za mayai taratibu, ili kifaranga kisigande upande mmoja wa ganda. Alishinda stoo ya uani Jumamosi nzima, akatoka na shati limechanika na uso unang'aa.

"Mama," alisema jioni, "ukitaka kujua Mungu wangu anavyofanya kazi, karibu stoo."

Mama mkwe alibeba mto wake wa goti, akakalishwa kwenye kigoda. Mwalimu alipanga mayai aliyopewa na jirani mfugaji, akaeleza joto, akaeleza unyevu, akaeleza mota, kisha akafunga mlango wa friji kwa heshima kubwa.

"Imekwisha," alisema. "Kila kitu kimo ndani. Sheria zitafanya kazi zenyewe. Mimi sihitaji kugusa."

"Na wewe sasa unakwenda wapi?"

"Nakwenda zangu kusahihisha mitihani."

"Huna wasiwasi?"

"Wasiwasi wa nini, mama? Nikianza kufunguafungua ndiyo nitaharibu. Aliyepanga vizuri haingilii."

Mama mkwe aliitazama friji kwa muda. "Haya," alisema. "Ngoja tuone."

Kesho yake alihamishia kazi zake uani. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, ungo mapajani, akichambua mchele, na mlango wa stoo ukiwa mbele yake waziwazi. Mwalimu alipita akaingia stoo.

"Natafuta nyundo," alisema.

Baada ya muda akapita tena. Nyundo. Alipotoka shule mchana, kabla hata ya kuvua viatu, nyundo. Wiki ya kwanza haijaisha, mama mkwe alimwita binti yake.

"Mwanangu, mume wako anajenga nini?"

"Hajengi kitu, mama."

"Mbona hiyo nyundo haimtoki moyoni?"

Habari zilifika mezani usiku huo. Mwalimu alijitetea kwamba alikuwa akisoma kipimajoto tu, kwa ajili ya kumbukumbu za kisayansi, na kwamba kufungua mara moja moja hakudhuru kitu. Lakini alijua amekamatwa. Mwisho wa wiki alikata tundu kwenye mlango wa friji, akaweka kioo na gundi, ili aweze kuchungulia bila kufungua.

"Sasa ameweka na dirisha," mama mkwe alitangaza.

"Samahani mama," alisema Mwalimu, masikio yakiwa ya moto, "mimi ni binadamu. Nina udhaifu. Huwezi kumpima Mungu kwa mimi."

"Nani kampima? Ulinikalisha kigodani ukaniambia nitazame, nami natazama." Alimega kipande cha mkate. "Nauliza tu. Huo udhaifu wenyewe ni upi? Umepanga vibaya?"

"Hapana. Nimepanga vizuri."

"Basi kinachokupeleka pale dirishani ni nini?"

Mwalimu alitafuna kwa muda mrefu kitu ambacho alikuwa ameshakimeza. Mkunga alimtazama kwa huruma, akamwongezea mchuzi.

Wiki ya tatu ilipoisha, Jumamosi mchana, mayai yalianza kulia. Mama mkwe ndiye aliyesikia kwanza. Alimwita Mwalimu kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwake, sauti ya kumwitia mtu mtaa wa pili, na Mwalimu alikuja akikimbia na kalamu nyekundu sikioni. Waliinama pamoja kwenye kioo, kichwa kwa kichwa, mkwe na mama mkwe, wakasahau kwamba watu wa namna yao hukaa mbalimbali. Yai moja lilikuwa na nyota ndogo ya ufa. Jingine lilitikisika. Ndani kulisikika sauti nyembamba kama ya kitasa kinachohitaji mafuta.

"Sasa hapa hatufungui kabisa," Mwalimu alinong'ona. "Tukifungua, mvuke unatoka. Mvuke ukitoka, utando wa ndani ya yai unakauka, unamkaba kifaranga kama nguo iliyobana. Sasa ni wao na sheria."

Ndipo umeme ukakatika.

Balbu zilizimika, feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama. Mwalimu naye akasimama. Alijua kila kitu kilichokuwa kikitokea ndani ya sanduku lile: joto linavyopenya kwenye kile kioo chake cha gundi, kile alichokiweka kwa sababu ya kuchungulia. Alijua kila kitu, na hakujua afanye nini. Alikimbia chumbani akarudi na blanketi, akaivalisha friji. Akakimbia kumgongea jirani, jirani naye hana umeme, mtaa mzima hauna. Aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama kati ya stoo na mlango wa jikoni, macho amefumba, fimbo yake kwapani, anasali. "Baba, hawa wadogo hawajaona hata mwanga—"

"Mama!" Mwalimu alipiga kelele. "Acha kusali! Niletee maji ya moto!"

 Hata yeye alisikia sauti yake ikigonga ukuta na kumrudia. Alikuwa amemfokea mama mkwe. Kwenye ndoa yake yote hakuwahi kumwinulia sauti hata paka wa mama mkwe.

Mama mkwe alifumbua macho taratibu. "Maji nimebandika tangu taa ilipozima," alisema. "Nilikuwa nasali nikisubiri yachemke."

Kweli, jikoni sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko la gesi, inatoa mvuke. Pembeni amepanga chupa za plastiki, amezivua vifuniko, na taulo zimekunjwa tayari, kila moja kwa kipimo cha chupa, kazi ya mtu aliyeshika vitambaa maisha yake yote.

 Mwalimu alijaza chupa, mama mkwe akazivisha taulo, wakafungua friji kufumba na kufumbua, wakazipanga kando ya mayai, wakafunga. Zilipoanza kupoa wakabadilisha. Walifanya hivyo wakapokezana, yeye na goti lake, Mwalimu na jasho lake, na wala hapakuwa na "samahani mama" tena, palikuwa na "lete," "shika," "si hiyo," "angalia vidole." Kifaranga cha kwanza kikatoka, kimelowa, kibaya cha sura, kikalala chali kama mlevi. Kikafuata cha pili. Mama mkwe alipiga kigelegele kidogo, cha ndani ya stoo tu.

Lakini yai moja lilikwama. Kifaranga kilikuwa kimedonoa tundu, mdomo ulionekana, kisha kikaacha. Utando ulikuwa umegeuka mkavu na wa kahawia. Mwalimu alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kwamba kifaranga hakisaidiwi. Mishipa ya damu bado imo kwenye utando, ukibandua unakiua kwa huruma yako. Aliamini hivyo. Alikaa mbele ya kioo, mikono imebanwa kati ya magoti ili isifanye kitu, na mdomo wake ukaanza kusema peke yake.

"Tafadhali," alisema. "Tafadhali. Tafadhali."

Mama mkwe aligeuka. "Unamwambia nani?"

Mwalimu alishtuka. "Yai."

"Yai halina masikio."

"Kifaranga kinayo."

"Haya," alisema mama mkwe, akageukia upande mwingine ili mkwe wake apate nafasi ya kupangusa uso.

Hapo ndipo mkunga aliporudi kutoka zamu, akawakuta mama yake na mume wake wamekaa chini kwenye vumbi la stoo, friji imevishwa blanketi lake zuri la wageni. Hakuuliza. Alinawa mikono hadi viwikoni, akatazama kupitia kioo, akaomba maji ya vuguvugu na pamba. Akafungua, akalowesha ule utando mkavu, akabandua sehemu ndogo kama ukucha, akatazama kama kuna damu. Hakukuwa nayo. Akafunga.

"Malizia," Mwalimu alimwomba.

"Simalizii. Kazini pia ndivyo ilivyo. Unasaidia kidogo, halafu unatoa mikono unasubiri. Ukishindwa kutoa mikono unaharibu, ukishindwa kuipeleka unaharibu." Alijipangusa kwa gauni la kazi. "Na hakuna kitabu kinachokuambia kila mara ni lini. Hicho chakula mmepika au mlikuwa mnasali tu?"

Kifaranga kilitoka wakiwa wanabishana kuhusu chakula.

Na umeme ukarudi. Balbu ziliwaka zote kwa mpigo, feni ikaanza kuimba. Mama mkwe alifungua mdomo. Mwalimu aliinua mkono. "Mama, tafadhali, usiseme."

"Nilitaka kusema kuna kitu kinaungua."

Ilikuwa sufuria. Maji yalikuwa yameisha ndani yake.

Si mayai yote yaliyototoa. Jumapili mchana Mwalimu aliyatoa yaliyobaki, akayaweka kwenye ndoo uani. Mama mkwe alikuwa kivulini, vifaranga vimo ndani ya boksi miguuni pake, na alikuwa akimshukuru Mungu kwa kila kimoja. Mwalimu alisimama na ndoo yake. Hakutaka kusema, lakini jambo lile lilikuwa limemkaa kooni tangu ujana wake.

"Na hawa, mama? Hawa wa kwenye ndoo. Sala yao ilikwenda wapi?"

Alitegemea jibu kama la shangazi. Mama mkwe aliitazama ndoo.

"Hao sijui," alisema. "Mimi nimezika mume, nimezika na watoto wawili kabla ya huyu mkeo. Sijui mpaka leo. Namuuliza kila siku."

"Anajibu?"

"Hajibu." Alirudisha kifaranga kimoja kilichokuwa kinapanda ukingo wa boksi. "Ndiyo maana siachi kuongea naye. Nikinyamaza mimi, nyumba itakuwa kimya pande zote mbili."

Mwalimu aliiweka ndoo chini. Akaketi kwenye saruji, akamweleza habari za baba yake, za figo, za shangazi, na za viatu. Hakuwahi kumweleza mtu mwingine zaidi ya mkewe. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho.

"Viatu!" alisema. "Na huyo shangazi yako bado yupo hai?"

"Yupo."

"Goti likipona utanipeleka kwake."

Mwalimu alicheka hadi vifaranga vikakimbilia kona. Kisha akamwomba radhi kwa kumfokea. Mama mkwe alisema sokoni alikuwa anafokewa na watu wenye sauti nzuri zaidi.

Jumatatu, mwalimu wa kemia alitaka habari kamili. Mwalimu Kanuni alimpa zote, hakuficha hata ile sehemu ya "tafadhali."

"Aha! Kwa hiyo umeomba!"

"Nilisema tafadhali."

"Kwa nani?"

"Hilo bado nalifanyia utafiti."

"Andika basi kwamba hata balbu ziliwaka zenyewe bila kuombwa," alisema mwalimu wa kemia, ingawa baadaye, wenzao walipotoka, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna kifaranga cha ziada, maana mjukuu wake anapenda vitu vidogo.

Goti lilipona. Mama mkwe alirudi kwake na boksi la vifaranga, na Mwalimu akarudishiwa maktaba yake. Aliingia, akapanga vitabu, akaketi mezani, akagundua hawezi kusoma. Nyumba ilikuwa kimya mno. Hakubadili imani yake. Bado alisema kwamba ulimwengu unakwenda kwa sheria na kwamba aliyezitunga haji kushikilia meza. Alipofundisha kuhusu mashine ya kutotolea aliwaambia wanafunzi ukweli wote, pamoja na nyundo. Lakini alianza kumpigia simu mama mkwe kila Jumapili, kwa kisingizio cha kuulizia goti. Na mama mkwe, kule kwake, jirani alipomuuliza kama ni kweli mkwe wake hana dini, alikasirika. "Ana Mungu kuliko wewe," alisema. "Ila Mungu wake ni mtu wa maneno machache."

Miezi ikapita, na wale vifaranga wakawa kuku. Jumapili moja mama mkwe ndiye aliyepiga.

"Mwalimu, nina swali la kitaalamu. Yule mwekundu anaatamia. Lakini anainuka, anaacha mayai yake wazi, anakwenda kula, anazurura weee, halafu ndiyo anarudi. Hayatapoa?"

"Yatapoa kidogo, mama, hayana neno. Wataalamu wamepima. Kupoa kidogo hakuyadhuru. Yai linapata na hewa."

"Kwa hiyo hata akiwa ameondoka, bado anaatamia?"

 "Unaweza kusema hivyo, mama."

 Upande wa pili kuku walisikika kwa mbali.

"Hilo zuri," alisema hatimaye. "Hilo nitalifikiria. Zile siku ambazo sisikii kitu kabisa, nitakaa na hilo." Kisha sauti yake ikachangamka. "Lakini anarudi, Mwalimu. Wewe unaishia pale anapoondoka. Anarudi!"

Mwalimu alifungua mdomo ajibu, akakuta simu imeshakatwa. Alibaki ameishika, anacheka peke yake, na mkewe akauliza kutoka jikoni kuna nini. Akampigia tena mama mkwe. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Alikuwa ameshatoka kwenda kumtazama kuku.